Kunguruma Nyuma ya Banda la Kuku

Mara ya kwanza mama kunisikia nikiimba kwa sauti ya kunguruma, aliacha kupepeta alizeti, akaingia jikoni, akanichemshia tangawizi na asali. Aliniletea kikombe huku akinikagua koo kama fundi anayetafuta tundu kwenye tairi.

"Umeanza lini?" akaniuliza.

Nikamwambia siumwi, nafanya mazoezi. Akasema ninywe kwanza, maelezo baadaye.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, naishi kwa wazazi wangu Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, na watu walinijua kwa mambo mawili. Siku za kazi niliendesha mashine kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Jumapili nilipiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa letu. Gitaa nilifundishwa na mwalimu wa kwaya, mzee mpole aliyeamini kwamba mpiga gitaa mzuri ni yule ambaye waumini wakifika nyumbani hawakumbuki kama alikuwepo. Kwa miaka minane nilikuwa mpiga gitaa mzuri sana.

Kilichoniharibu ni memori kadi. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikanunua kadi iliyotumika kwa fundi simu wa karibu na stendi. Kulikuwa na bongo fleva, injili, taarab kidogo, na folda moja isiyo na jina yenye nyimbo kumi na moja. Niliifungua kiwandani, mashine imezimwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Ilitoka sauti kama bati linaloburutwa kwenye lami, na juu ya bati amekaa mtu anayefukuzwa na nyuki. Nikajua spika imekufa.

Nikarudi kwa fundi. Akaifungua simu, akaisafisha spika kwa brashi, akapuliza, akajaribu wimbo wa injili. Safi. Akajaribu taarab. Safi. Akarudi kwenye ile folda, tukasikiliza wote wawili tumeinamisha vichwa kama watu walio msibani. Wimbo ulipoisha akanirudishia simu yangu.

"Spika ni nzima," akasema. "Hawa watu ndivyo walivyo."

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata baada ya pale. Nilirudi kazini nikausikiliza tena, nikagundua kwamba chini ya yale makelele kulikuwa na gitaa, na gitaa lile lilikuwa linafanya kazi ambayo sikujua inawezekana kufanywa na vidole vya binadamu. Mdundo wenyewe nilikuwa naufahamu siku nyingi. Ni mdundo wa mashine yangu inapopewa mbegu zenye mchanga: mzito, wa kasi, hauna huruma na mtu. Kwa miaka yote nilikuwa nimesimama pembeni ya muziki huo nikiulalamikia.

Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anasoma chuo mjini, ndiye aliyeniambia unaitwa metali, na kwamba dunia nzima kuna watu wazima wenye familia wanaoupiga. Nikaamua kuwa mmoja wao.

Shida ilikuwa sauti ya gitaa. Gitaa langu la kwaya lilikuwa na sauti safi kama maji ya kisima, na metali inataka maji yenye tope. Wenzetu wana vifaa vya kukanyaga kwa mguu vinavyoichafua sauti. Mimi nilimpelekea fundi wangu spika ya redio ya zamani, nikamwomba aichane kwa wembe ili ikwaruze. Alikaa na wembe mkononi muda mrefu.

"Miaka yote hii watu wananiletea vitu nivitengeneze," akasema. "Kuharibu sijawahi kuombwa. Nikikosea itakuwaje?"

"Ukikosea ndiyo vizuri zaidi."

Akachana mistari mitatu, kwa unadhifu mkubwa. Tulipoijaribu, mama ntilie wa jirani alitoka na mwiko kuangalia kama gari limegonga kitu.

Nataka ieleweke kwamba sikuwa na nia ya kuchekesha. Nilitaka kutisha. Nilitunga wimbo kuhusu ukame, jambo ambalo kwetu halina utani, wenye maneno machache: wingu limekuja, wingu limepita, shamba limebaki linatazama juu. Nilikaa nao miezi minne. Kwa video ya kwanza nilivaa suruali nyeusi ya kwaya, ile ya mazishi, na koti la mvua la marehemu babu. Nikajipaka masizi ya sufuria kuzunguka macho. Mahali nilipochagua ni nyuma ya banda la kuku, kwa sababu ukuta wake haukuwa na rangi na ulionekana wa huzuni. Simu nikaiegemeza kwenye debe. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua limelala vizuri usoni.

Nilianza vyema. Vidole vilikubali, sauti ilitoka tumboni kama nilivyojifunza. Nikafika kwenye ubeti wa pili, pale ninapoliuliza wingu linakwenda wapi, mama akatokea kwenye kona amebeba beseni la nguo.

"Umewafungia kuku?" akauliza.

Sasa, mimi nimelelewa. Mama akiuliza, unajibu. Sikuwa na muda wa kubadilisha sauti, na mkono wangu haukuacha kupiga. Nikajibu kwa ile ile ya kunguruma:

"Bado, mama."

"Basi wafungie. Halafu unawe uso, wageni wa jumuiya wanakuja."

"Sawa, mama."

Akapita na beseni lake. Nami nikaendelea na wingu kidogo, lakini moyo ulikuwa umeshaanguka, nikaishia njiani.

Nilikusudia kuifuta video ile. Kwa kuwa simu ya mdogo wangu ilikuwa na kamera nzuri kuliko yangu, nilikuwa nimerekodi kwa simu yake. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Yeye aliitazama usiku ule mara nne akiwa amejifunika shuka ili asisikike, halafu akaiweka mtandaoni bila kuniuliza. Asubuhi naingia kiwandani, mlinzi wa getini, mtu mzima anayeheshimika, mzee wa msikiti wa mtaani kwao, akanifungulia geti na kuniuliza kwa sura kavu kabisa:

"Umewafungia kuku?"

Nikadhani amechanganyikiwa. Ndani, wapakuzi wa magunia walikuwa wananguruma wao kwa wao. "Leta kiroba." "Bado, mama." Bosi alitoka ofisini, akanitazama, akarudi ndani haraka, na kupitia dirisha nikaona mabega yake yanacheza.

Siku zile sikuzifurahia, nasema kweli. Watu wanaposimulia bahati ya namna hii hupenda kuruka sehemu hiyo. Nilikuwa nimetia moyo wangu wote kwenye jambo moja, watu wakalipokea jambo lingine lililopita mbele yake na beseni. Sikusema na mdogo wangu wiki nzima. Yeye aliniambia mara moja tu, "Kaka, wamecheka kwa sababu wamekupenda." Nikamjibu kwamba sikuomba kupendwa. Nikatengeneza video ya pili, ya wimbo mwingine, bila mama, niko juu ya jabali kule upande wa ziwani, upepo unapeperusha koti la babu. Niliona ni kazi nzuri kuliko ya kwanza. Waliotazama walikuwa wachache, na karibu wote walioandika maoni waliandika neno moja au mawili: mama yuko wapi?

Baba, ambaye ni mtu wa maneno ya kuhesabika, alinikuta nimekaa kibarazani na hasira zangu. Alikuwa anarekebisha kamba ya nira ya ng'ombe. Akasema bila kuinua kichwa, "Mtu ukilima mtama ukaota uwele, hufyeki. Unavuna."

Nikamwomba radhi mdogo wangu. Halafu nikamfuata mama.

Nilimweleza kila kitu, kwamba watu wanamtaka yeye, kwamba tungeweza kupanga maneno machache, yeye angetokea na kuyasema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anachambua mboga.

"Mimi kuigiza siwezi," akasema. "Nitasema uongo mbele ya watu, halafu Jumapili nimtazame nani? Lakini ukinikuta nina neno la kukwambia, nitakwambia. Hata ukiwa unapiga hilo gitaa."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti, na hakuyavunja hata mara moja. Maana yake ni kwamba ili nipate video, ilibidi pawe na jambo la kweli ambalo sijafanya. Kwa hiyo kwa miaka miwili nyumba yetu ilikuwa na kazi nyingi zilizoachwa makusudi. Sikuchanja kuni, nikapata video. Sikupeleka mahindi mashineni, nikapata video. Nilisahau kwa makusudi kumjulia hali mjomba aliyekuwa amevunjika mkono, nikapata video nzuri sana, na baadaye aibu, kwa sababu mjomba aliitazama akiwa bado na plasta. Nilipokwenda kumwona nikamsalimia kwa unyenyekevu wote, "Shikamoo mjomba." Akanikatalia. "Nisalimie kwa ile sauti yako," akasema, "nijue kama ni wewe." Ikabidi nimngurumie shikamoo mtu mgonjwa kitandani. Akaitikia marahaba, akasema mkono umepata nafuu.

Nilijifunza mambo ambayo sikufundishwa na yeyote. Nilijifunza kwamba jambo dogo likisemwa kwa sauti kubwa linachekesha, lakini lazima gitaa lenyewe lipigwe vizuri. Ukipiga vibaya, watu wanakuonea huruma, na huruma haichekeshi. Kwa hiyo nilifanya mazoezi kuliko nilipokuwa kwaya. Niliimba orodha ya vitu vya kununua mnadani. Niliimba namna ya kuchagua kitunguu kisichooza ndani. Niliimba salamu zote za kumuuliza mtu habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, mpaka pumzi ikaisha. Mtu mmoja wa nchi ya mbali sana, mwenye nywele hadi kiunoni, aliniandikia akiuliza natumia kifaa gani kupata sauti chafu namna ile. Mdogo wangu akatafsiri. Nikampigia picha spika yangu na michano yake mitatu. Baada ya siku mbili alinitumia picha ya spika yake, naye ameichana, ila yeye alitumia kisu na ilionekana kama imeshambuliwa na mnyama.

Kanisani walinivumilia muda mrefu. Halafu Jumapili moja, baada ya ibada, niliambiwa nibaki. Katika chumba cha mikutano walikuwepo mchungaji, wazee wanne wa kanisa, mama mmoja kiongozi wa umoja wa wanawake, na mwalimu wangu wa kwaya, ambaye hakunitazama.

"Hatukukuita kukuhukumu," mchungaji akasema. "Tunataka kuelewa."

Mzee kiongozi akakaa sawa. "Hiyo sauti, kijana, unaitoa wapi?"

"Tumboni, mzee."

"Tumboni kuna nini?"

"Leo kuna ugali na mlenda, mzee."

Mama wa umoja wa wanawake akajifunika mdomo kwa kanga.

"Na ukishaitoa," mzee akaendelea, "wewe mwenyewe unakuwepo?"

"Nakuwepo."

"Muda wote?"

"Muda wote, mzee. Mama akiniita huwa naitika."

Hilo wote walikuwa wameliona kwa macho yao kwenye simu, kwa hiyo halikuwa na ubishi. Wakanong'onezana. Mchungaji akasema itafaa wasikie wenyewe, ana kwa ana, ili pasiwe na maneno ya kusikia. Nikasema nyimbo zangu za mtandaoni siwezi kuziimba katika nyumba ya kanisa. Mezani palikuwa na karatasi ya matangazo ya wiki. Akanisogezea.

Nikasimama, nikavuta pumzi, nikangurumia matangazo. Jumatano, usafi wa makaburi, kila mtu aje na jembe lake. Ijumaa, maombi nyumbani kwa mzee wa jumuiya ya tatu. Akina mama wasisahau sare. Nilipomaliza, yule mzee mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amekaa pembeni na mkono sikioni, akasema kwa Kinyaturu, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mchungaji aelewe:

"Leo nimesikia. Miaka mingapi mnasoma matangazo hapa sisikii kitu. Kumbe Jumatano kuna usafi."

Nilidhani nimepona. Lakini mwalimu wa kwaya akanyanyua mkono. Alisema yeye hana neno na sauti, sauti ni ya mtu. Tatizo lake ni vidole. "Jumapili iliyopita," akasema kwa huzuni, "alimaliza ubeti wa tatu sisi tukiwa ubeti wa pili. Akatusubiri."

Ilikuwa kweli. Ikaamuliwa nipumzike kwaya kwa miezi mitatu, vidole vipoe. Mama aliposikia hukumu alisema ni ya haki.

Katika miezi ile mitatu ndipo mwaliko wa Itigi ulipokuja. Mfanyabiashara mmoja wa asali alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa, na binti huyo alikuwa amesema, kama zawadi, anataka yule kaka wa metali aje apige kwenye sherehe, pamoja na mama yake. Sikuwahi kupiga mbele ya watu tofauti na kwaya. Mama alikubali kwa sababu mbili: hajawahi kufika Itigi akakaa, na alitaka asali aione inakotoka.

Tulifika siku moja kabla. Mji ule umekaa kwenye reli, na pande zote umezungukwa na vichaka vikavu vilivyofungamana kiasi kwamba mbuzi akiingia anatoka akiwa amepata funzo. Tulipokelewa kwa heshima kubwa, hasa mama. Watu walitoka madukani kumsalimia. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba spika.

Sherehe ilianza saa nane mchana, chini ya turubai kubwa. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya, amesuka nywele, na walimkalisha mbele kabisa, kati ya bibi wa binti na shangazi zake. Mshereheshaji alinitambulisha kwa maneno mengi, akasema nyote mnamjua, na mnajua yatakayotokea. Watu walianza kucheka kabla sijafunga nyuzi sawa. Wengine walikuwa tayari wameinua simu, na hawakuzielekeza kwangu. Walizielekeza kwa mama.

Nikaanza wimbo wa ukame, maana ndio wanaoujua. Ubeti wa kwanza, sawa. Ubeti wa pili, pale kwenye swali la wingu, nikapunguza kidogo, nikamtazama mama, kumpa nafasi. Mama alinitazama kwa utulivu, mikono mapajani. Nikazunguka, nikarudia ubeti wa pili. Nikamtazama tena. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesalimiwa kwa mbali.

Nikiwa katikati ya mzunguko wa tatu ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa mgeni wa watu. Kuku hawakuwa wake, kuni hazikuwa zake, na mimi sikuwa na kazi yoyote ambayo sijafanya. Hakuwa na neno la kuniambia, na mama yangu hasemi neno asilokuwa nalo.

Sikuwahi kuumaliza wimbo ule hadharani, kwa sababu haukuwahi kuachwa umalizike. Lakini ulikuwa na mwisho. Nilikuwa nimeutunga, kwa miezi minne, kabla mambo hayajageuka. Sikuwa na pa kwenda isipokuwa huko. Nikaingia ubeti wa tatu, ule wa mama anayepepeta pumba kwa sababu mbegu zimeisha, kisha sehemu ya gitaa peke yake, ndefu, ambayo mtandaoni hakuna aliyewahi kuisikia. Sikuwa naangalia watu tena. Nadhani nilipiga dakika saba, labda nane. Nilipofungua macho hakuna aliyekuwa anacheka. Simu zilikuwa zimeshushwa. Wanaume wa meza ya nyuma, wakulima ukiitazama mikono yao, walikuwa wanaangalia meza.

Bibi wa binti akanyanyuka polepole kwa fimbo yake, akaja hadi mbele, akanifunika mabegani kwa kitenge alichokuwa amejitanda. Halafu akamgeukia mshereheshaji, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, wote tukamsikia.

"Huyu kijana amefiwa na nani?"

Mshereheshaji akanitazama mimi. Aliyeinuka ni mama.

"Hajafiwa, mama," akasema kwa adabu. Halafu akanigeukia mimi. "Mwanangu, shuka sasa. Watu hawajala."

Nikajibu bila kufikiri, kwa ile sauti, "Sawa, mama," na turubai lote likalipuka. Walicheka mpaka wapishi wakaja kuchungulia. Bibi alicheka kuliko wote, ingawa naamini hakujua sababu, na kitenge chake akakataa kukichukua.

Njiani kurudi mama alikuwa amepakata dumu la asali. Baada ya mwendo mrefu akasema, "Kumbe wimbo ule una mwisho."

"Una mwisho, mama."

"Mbona hujawahi kuufikisha?"

"Kwa sababu unanikatiza."

Akahamishia dumu goti la pili. "Ungeniambia. Ningeuliza habari za kuku ukimaliza."

Nilicheka peke yangu hadi Manyoni.

Baada ya Itigi nilianza kutengeneza video za aina mbili. Za kwanza ni zile zile, mama na kazi zangu, na ndizo zinazotazamwa. Za pili ni nyimbo nzima. Watazamaji wake ni robo ya wale, pengine chini ya hapo, lakini wanaandika maoni marefu. Yupo mfugaji wa nyuki wa Rungwa, huko mwisho kabisa karibu na pori la akiba, anayepanda kichuguu kila wiki kutafuta mtandao, na aliyeniandikia kwamba wimbo wa ukame anaupiga kwenye simu akikagua mizinga na nyuki hawajaonyesha kuuchukia. Nimepewa sifa nyingi maishani, ila ya nyuki ndiyo niliyomsomea baba. Baba akasema nyuki hawadanganyi.

Walikuja pia watu wa matangazo. Mmoja alitoka Dodoma na karatasi yenye maneno ya mama, kuhusu mafuta ya kupikia ya kampuni yake. Mama alimkaribisha, akamlisha kuku, akampeleka jikoni, akamwonyesha debe la mafuta ya alizeti niliyoyakamua mimi mwenyewe. "Nikisema napikia ya kwako," akamuuliza, "haya niseme ni ya nini?" Yule bwana alitazama debe, akakunja karatasi. Aliondoka ameshiba, na chupa ya mafuta yetu chini ya kiti cha gari.

Kwaya walinirudisha miezi mitatu ilipotimia. Napiga polepole. Kiwandani naenda siku tatu kwa wiki, na Jumamosi asubuhi nafundisha gitaa kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nina wanafunzi wanne. Yule ninayemfikiria zaidi ni mama mmoja muuza nyanya wa sokoni, mwenye umri wa mama yangu mdogo, aliyekuja akasimama mlangoni bila kuingia. Alisema ujana wake wote alitaka kuimba kwaya, huko kwao Iramba, na kila kwaya aliyojaribu ilimwambia sauti yake ni nzito mno kwa mwanamke na si tamu kwa mwanaume. Akaacha. Ameimba miaka thelathini akiwa shambani peke yake. Akataka kujua kama kwenye muziki wangu sauti nzito ni kosa.

Nikamwambia aweke kikapu chini. Nikamweleza kuhusu tumbo, pumzi, na koo kuachwa wazi. Akavuta hewa, akafumba macho, akanguruma neno moja tu, jina la kijiji chao. Muuza saruji wa upande wa mbele aliangusha kitabu cha risiti. Mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu kuipata sauti ile, na yangu haijafika nusu yake.

Akafumbua macho, akaona nimeweka gitaa chini, akadhani amekosea.

"Nipunguze?" akauliza.

Nikamwomba asipunguze. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akauliza kama mtu anaruhusiwa kuimba hivyo akiwa amekaa, maana miguu inamuuma tangu alfajiri. Nikamvutia kiti.